Kabla ya Kumlaumu Ng'ombe

Wiki iliyopita nilimtazama mmoja wa wanafunzi wetu wapya hapa Nakuru akibadilisha mbegu za fahali kwa mara ya tatu, kwa kuwa mayai ya ng'ombe aliyoyarutubisha maabarani yalikataa kugawanyika. Hakuwa amepima joto la kitu chochote. Nilitoka nje nikanywa chai ili nisimwambie neno, kisha nikarudi kuandika haya, kwa ajili yake na kwa ajili yenu nyote mnaoanza kazi hii mkidhani kwamba mkosaji daima ni mnyama.

1. Ovari, yaani viungo vya mayai, za ng'ombe wa machinjioni zisafirishwe katika thamosi ya maji ya chumvi yaliyopimwa, kati ya nyuzi 30 na 37. Kidole si kipimajoto. Kidole kilichoshika usukani wa pikipiki alfajiri katika baridi ya Njoro huona kila kitu ni moto. Wala msizitie barafu kwa kuwa mchinjaji amewaonea huruma akawapa: yeye anafikiria maini yake.

2. Fyonzeni folikuli, yaani vifuko vya mayai vilivyo kwenye ovari, za milimita 2 hadi 8, na muandike lebo kwa kalamu isiyofutika. Najua mmesoma kwamba mwaka 1949 watafiti Polge, Smith na Parkes walisaidiwa na chupa yenye lebo isiyo sahihi kugundua kuwa gliserini huzikinga mbegu za jogoo zinapogandishwa. Wao waliipeleka ile chupa ichunguzwe. Ninyi huitupa.

3. Sasa kosa langu. Miaka mingi iliyopita, nikiwa na shahada mpya na kiburi cha kuitwa daktari, viinitete vyangu vilianza kupungua. Mayai yalikomaa kwa saa 24, yakarutubishwa, na baada ya saa 48 mengi yalikuwa yamegawanyika. Lakini siku ya saba, ambapo mayai mia yalizoea kutupa blastosisti, yaani viinitete vilivyofika hatua ya kupandikizwa, thelathini hivi, nilikuta nane. Juma lililofuata mbili. Kisha hakuna hata moja, ila vijidonge vyeusi vilivyosinyaa chini ya hadubini kama kunde zilizosahauliwa jikoni. Kulikuwa na ukame, nami nilikuwa nimesoma kwamba joto kali huyadhoofisha mayai yakiwa bado ndani ya ng'ombe, jambo ambalo ni kweli kabisa. Basi nikajenga nadharia. Nilikusanya takwimu za mvua, nikawahoji wachinjaji ng'ombe wametoka wapi, nikachora grafu nzuri sana, kisha nikasimama mbele ya mkutano wa wanasayansi mjini Kisumu nikaeleza kwa dakika ishirini jinsi ukame wa Bonde la Ufa unavyoharibu mayai. Nilipigiwa makofi. Mzee mmoja alinipa mkono.

Miezi miwili baadaye, mvua ikinyesha na blastosisti zikiwa bado sufuri, fundi aliyekuja kutengeneza friji aliniuliza kama inkubeta yetu, kabati la joto la kutunzia mayai, imewahi kupimwa kwa kipimajoto kingine. Nilimjibu, kwa sauti ambayo hadi leo huniamsha usiku, kwamba kioo kinaonyesha 38.5. Hakubishana. Alichukua kipimajoto chake, akakitia katika bakuli la maji ndani ya inkubeta, akafunga mlango, akarudi kwenye friji yake. Baada ya saa moja tulisoma pamoja 40.8. Kwamba joto ndilo lililoua mayai sikukosea. Ila halikutoka angani. Ilinibidi niwaandikie waandaaji wa mkutano barua ya kuondoa mada yangu, na barua hiyo ya mistari sita ilinichukua siku nne.

4. Mtungi wa nitrojeni unaohifadhi mbegu zilizogandishwa upimwe kina kwa kijiti kila Jumatatu, hata Jumatatu ya Pasaka.

Nilipomaliza kuandika nilimpa yule kijana kipimajoto changu cha akiba bila maelezo. Alianza na inkubeta, ambayo ilikuwa sawa, akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikamwonyesha kwa kidevu bakuli la kuyeyushia mirija ya mbegu. Mrija hukaa humo sekunde 30 hivi katika nyuzi 37. Maji yake yalisoma 46, naye kwa kawaida huuacha humo mpaka amalize kujaza daftari, tena mwandiko wake ni wa taratibu na wa kupendeza. Fahali watatu wote alikuwa amewapika mwenyewe.