Mna lambo la zamani la udongo? Angalieni utoro wa maji kwanza

Kijijini kwetu ukisema usalama wa lambo watu wanaelewa mtoto asizame na ng'ombe asinase kwenye tope. Sawa, hayo nayo yapo. Ila mimi niko kamati ya maji huku Dodoma vijijini muda mrefu sasa, lambo letu ni la udongo, limejengwa enzi za mkoloni na mpaka leo ndo tunalotegemea, na kinachoninyima usingizi masika ni watu kuziba utoro.

Utoro ni ile njia ya pembeni maji ya ziada yanakopitia lambo likijaa. Sasa kiangazi cha huku mnakijua, mwezi wa nne mtu akiona maji yanamwagika pale utoroni roho inamuuma, kesho yake unakuta viroba vya mchanga vimepangwa, wengine wanaleta mpaka magogo, eti tuongeze nusu mita tufike nayo mwezi wa kumi na moja. Namuelewa kabisa. Lakini ile nafasi kavu kati ya maji yaliyojaa na mgongo wa tuta, yaani ule ukuta wa udongo unaozuia maji, iliachwa makusudi, kwenye malambo madogo mafundi wanaacha kama mita moja hivi, na kazi yake ni kupokea mvua kubwa ya usiku mmoja. Ukiijaza maji umeila akiba yote. Na tuta la udongo maji yakishapita juu yake halina ujanja, yanachimba upande wa nyuma, yanarudi yanakula kuelekea bwawani, saa chache tu limekatika.

Siyo hadithi za kutishana. Kule Sasumua Kenya, bwawa la udongo la miaka ya 50 linalopeleka maji Nairobi, mvua za 2003 ziliharibu utoro wake na jiji likapungukiwa maji. Solai, kaunti ya Nakuru, tarehe 9 Mei 2018 tuta lilikatika usiku mvua zikiwa zimekolea, wakafa watu zaidi ya 40. Na Derna kule Libya, Septemba 2023, mabwawa mawili ya tangu miaka ya 70 yalivunjika usiku mmoja kwenye dhoruba, maelfu wakafa. Kwahiyo kabla ya mvua kuanza utoro ufyekwe, mchanga utolewe, na asiwepo wa kulima humo bustani ya mchicha. Tulishagombana sana na watu kwa hilo la mchicha lol.

Jambo la pili ni maji yanayopenya tuta. Hapa watu wanapaniki bure au wanazembea kabisa, katikati hakuna. Lambo la udongo kuvuja kidogo ni kawaida. We pita upande wa nyuma, kule chini tuta linapokutana na ardhi, lambo likiwa limejaa, tafuta penye tope au ukoka wa kijani wakati kwingine pamekauka. Ukipata kijimfereji kinga ndoo ya lita 20, washa saa ya simu, andika kwenye daftari imejaa kwa sekunde ngapi na siku hiyo maji ya lambo yamefika wapi. Mwezi ujao rudia. Kama maji ya lambo yako palepale lakini ndoo inajaa haraka zaidi, mwiteni injinia. Na kama maji yanayotoka yamegeuka rangi kama chai ya maziwa, hapo usisubiri kikao, maana yake yanatoka na udongo wa ndani ya tuta na tundu linakua. Piga simu siku hiyohiyo na wanaokaa bondeni chini wahame kwanza.

Kosa ninaloliona kila mahali ni kuziba tundu kwa saruji au mfinyanzi kwa nyuma. Maji yatatafuta pengine tu, tena utakuwa huoni. Wakati mnamsubiri mtaalamu wekeni juu yake mchanga msafi wa chenga, halafu kokoto, halafu mawe, maji yatoke ila udongo ubaki.

Miti nayo. Mche ukiwa wa unene wa kidole ng'oa, kila mwaka. Lakini mti mkubwa ulioota kwenye tuta miaka na miaka msiukate kwa hasira, mizizi ikioza inaacha mashimo humohumo ndani, hiyo ni kazi ya kufanya na injinia lambo likiwa limeshuka. Kichuguu hivyohivyo, dawa peke yake haitoshi kwa sababu mchwa watakufa njia zao zitabaki, inabidi uchimbe mpaka uzione zinaisha, kisha urudishe udongo kwa tabaka nyembamba wenye unyevu kidogo na kila tabaka ushindiliwe.

Wafyatua tofali wakae mbali na kitako cha tuta, ule udongo wanaouona mzuri ndo unaolishikilia. Ng'ombe wanyweshewe kwenye mbauti, yaani birika la mifugo, siyo kupandisha tutani, kwato zinachonga vijia na mvua inavimalizia. Mgongo wa tuta ukibonyea sehemu usipuuze, maji yakipanda yataanzia kupita hapohapo.

Bomba la chuma lililopita chini ya tuta ndo linalonipa wasiwasi zaidi kwenye malambo ya umri huu, likitoboka kwa kutu maji yanaanza kula udongo pembeni yake na wewe juu huoni kitu. Maji yakitokea nje ya bomba, siyo mdomoni, ripoti. Valvu ikikaza usilazimishe kwa nondo. Na hata mkiamua kulipunguza maji fungueni polepole, yakishuka ghafla upande wa ndani wa tuta bado umelowa unaweza kuporomoka.

Watu wa kuwapigia ni RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani na Bodi ya Maji ya Bonde lenu, usalama wa mabwawa uko kwenye sheria ya rasilimali za maji ya 2009, siyo hisani. Nendeni na lile daftari na picha za simu zenye tarehe, ombi la mdomo linasahaulika mlangoni. Na orodha ya kaya zilizoko chini ya lambo iwe kwa mwenyekiti wa kitongoji, na namba ya mtu mmoja kila nyumba anayelala na simu imewashwa.