Huenda ni mfupa wa stailoidi

Pole sana, ndugu. Unasema koo lina kama mwiba, sikio linauma ukigeuza shingo, kichwa kinajaa ukilala, na dawa za tonsili hazijasaidia: mimi ningeuliza kuhusu mfupa wa stailoidi, ncha nyembamba ya mfupa iliyo chini ya sikio. Kawaida una sentimita 2.5 hivi, ukizidi 3 huhesabiwa mrefu, na unaweza kubana neva (mshipa wa fahamu) au vena (mshipa unaorudisha damu moyoni). Muone daktari wa masikio, pua na koo. Atabonyeza kwa kidole penye tonsili; maumivu yaleyale yakiamka, omba CT (picha za kina za kompyuta) ya shingo pamoja na ya mishipa ya damu, maana eksirei ya kawaida haionyeshi vena iliyobanwa. Usikimbilie upasuaji: wengi wana mfupa mrefu bila shida yoyote. Kukandwa shingo acha kabisa. Uso ukipinda au mkono ukilegea ghafla, hospitali saa hiyohiyo.