Mkuu usizipige hizo pochi za Jumamosi (leza ya mwanga kwa leza ya ngozi ilivyonitoa jasho Tabora)

Mkuu uliyepo Kasulu, simamisha hiyo kazi kwanza. Uzi wako nimeusoma wote, umeuliza uchukue mashine ya leza ya kuchoma majina kwa mwanga, ya wati 40 au ile ndogo, umeuliza faida ya siku, leseni, umeme wa kutembea nao, mpaka akriliki (ile plastiki ngumu kama kioo) umeuliza, lakini mimi macho yameganda kwenye mstari wa mwisho ulioutupia pale kama si kitu: "kuna kamati ya harusi wameshanipa oda ya kupiga majina pochi 60 za leza, watakuja nazo wenyewe ukumbini Jumamosi." Watakuja nazo wenyewe. Ukumbini. Siku yenyewe. Mdogo wangu, nimesoma hapo chai ikanipalia.

Mimi niko Tabora mjini, nilianza na kamashine ka kubeba 2021, kale ka mwanga wa bluu, napiga majina kwenye vibao vya mninga, vijiko vya mbao, kalamu, vishika funguo, naweka kwenye begi la mgongoni na betri kwenye pikipiki naenda popote penye watu, mahafali, harusi, Nane Nane pale Ipuli. Kazi nzuri tu. Mwaka wa kwanza sikuharibu kitu cha maana kwa sababu kila nilichopiga nilikinunua mwenyewe, kikiungua nakichomea chai. Sasa Desemba 2022 ndo nikajiona fundi.

Kuna kikoba cha akina mama walikuwa wanavunja kikoba chao, wamefanya vizuri mwaka ule, wakaagiza mikoba 48 kutoka Dar, mmoja elfu 35, mizuri haswa, meusi. Wakataka kila mama jina lake lipigwe pale pale kwenye sherehe huku wenzake wanapiga vigelegele na kurekodi. Tukakubaliana elfu 3 kwa mkoba, jumla 144,000. Kwa kazi ya mchana mmoja! Nikauliza kitu kimoja tu, na hadi leo najisifu kwamba niliuliza, "mama hii mikoba ni leza?" Mwenyekiti akanijibu "leza original baba." Nikaridhika. Sikuomba hata mmoja nikaujaribu nyumbani, nikasema nitaikuta huko huko.

Hapa niseme habari ya mwalimu wangu maana bila yeye hii hasara isingenoga. Kuna jamaa alikuwa na kundi la WhatsApp anafundisha "biashara ya leza kwa vitendo", nimemlipa elfu 50, vitendo vyenyewe ni video za kuforwadi na jedwali la seting kwenye picha isiyosomeka vizuri. Kwenye lile jedwali kuna mstari umeandikwa LEZA, pawa 80, spidi 1500, basi. Hajasema leza ipi. Hajasema ngozi ya ng'ombe au ile ya kubandika kwenye kitambaa. Leza ni leza. Baadaye nikaja kujua jamaa kazi yake ni kuuza mashine, kupiga majina hajawahi hata siku moja.

Siku ikafika. Nilikuwa nimejipanga chini ya mwembe nje ya ukumbi, upepo unapita vizuri, mama mmoja wa kamati akasema hapana fundi ingia ndani watu waone. Nikaingia. Kosa juu ya kosa. Mezani, katikati ya ukumbi, kafeni kangu ka kunyonya moshi kametoa bomba lake hapo hapo ndani kwa sababu dirisha liko mbali. Kwa heshima tukaanza na mkoba wa mwenyekiti. Simu zote juu. Nikabonyeza.

Herufi ya kwanza ikavimba. Yaani haikuchomeka kama ngozi inavyochomeka ikawa kahawia safi, ilivimba ikang'aa kama jipu, pembeni ikaweka rangi ya njano chafu, ya pili ikazama mpaka nyuzi za kitambaa cha chini zikachungulia. Nikiishika inanata. Mtu mwenye akili angezima mashine pale pale. Mimi nikasema moyoni ni seting, nikatoka nje nikampigia mwalimu, akanijibu akiwa anatafuna kitu, "punguza pawa ongeza spidi, leza huwa zinasumbua mwanzoni." Nikarudi nikachukua mkoba wa pili. Halafu wa tatu. Nikaongeza, nikapunguza, nikasogeza fokasi, nikajaribu herufi nyembamba. Mkuu, nilikuwa nafanya majaribio kwenye mali za watu, mkoba baada ya mkoba, kama mtu anayejifunza upasuaji kwa wagonjwa waliopo foleni, na kila mwenye mkoba amesimama mbele yangu anatabasamu hajui kwamba yeye ndo somo la leo. Nilifika mkoba wa tisa. TISA.

Kilichonisimamisha si akili, ni moshi. Ukumbi ulijaa harufu ya ndoo ya plastiki iliyosahaulika kwenye jiko la mkaa, na ndani yake kuna kitu kinachoma pua na koo vibaya. Akina mama wakaanza kukohoa, mmoja ana pumu akatolewa nje anashikiliwa, ndo mtu akapiga kelele zima hicho kidude. Nikazima. DJ naye akazima mziki, sijui nani alimwambia.

Sasa sikia kilichokuwa kinaungua. Ile mikoba haikuwa ngozi, ilikuwa PVC, aina ya plastiki, imepakwa juu ya kitambaa na kukandamizwa mistari ionekane ngozi. Aliyenielewesha ni jirani yangu mwalimu wa kemia, alinicheka kwanza dakika tano. Zaidi ya nusu ya uzito wa PVC tupu ni klorini. Ukiichoma inatoa gesi ya haidrojeni kloraidi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu, iwe wa hewani au wa puani kwako, inakuwa asidi ya hidrokloriki. Ndo ile iliyokuwa inatukwangua makoo. Hakuna seting ya PVC mkuu, wala usiitafute, si swala la pawa wala spidi, kile kitu hakipigwi leza hata uwe na mashine ya milioni 20.

Tena asidi haikuishia kooni. Mashine niliifuta vizuri nikaifunika nikaenda kulala na huzuni zangu, kama siku kumi baadaye nafungua naona rela zimeweka kutu nyekundu, skrubu kutu, lenzi ina ukungu usiofutika. Plaiwudi ya milimita 3 niliyokuwa naikata kwa mizunguko michache sasa inapata doa tu kama imeguswa na sigara. Kubadilisha kichwa na lenzi ikanila 280,000. Mikoba 9 nimelipa 315,000. Malipo yangu ya 144,000 sikuthubutu hata kuyataja. Piga hesabu mwenyewe, 739,000, na mashine nzima nilinunua 950,000. Na hela si kitu, siku ya kugawana furaha mama tisa walirudi nyumbani na mikoba yenye makovu, mwenyekiti akiwa namba moja, na mjini nikabatizwa Fundi Jiki kwa ajili ya ile harufu. Mpaka leo nikipita sokoni kuna mama mmoja wa dagaa ananikoholea makusudi.

Mwalimu nilimtumia picha kwenye kundi. Akajibu na kikatuni cha kucheka, akasema "utakuwa ulipiga upande usio sahihi", halafu akanitoa kwenye kundi. Elfu 50 yangu na upande usio! Yaani kila mtu kwenye ule mnyororo alisema neno moja, muuzaji wa Dar kasema leza, mwenyekiti kasema leza, jedwali limesema leza, mashine yenyewe leza, asiyekuwa leza nilikuwa mimi peke yangu.

Kwa hiyo nina sheria moja na ndo hiyo hiyo nakupa, hata usiposoma kingine: KISICHO NA PACHA HAKIPIGWI. Kabla hujachoma kitu cha mtu lazima uwe na kingine cha aina ile ile, kutoka fungu lile lile, ambacho ukikiharibu hakuna anayelia. Kitu cha rangi hiyo hiyo kutoka duka lingine si pacha huyo, ni jirani tu. Oda ya 60 unataka 62, na hizo mbili unazitaka leo, si Jumamosi saa nane na mc anakuita. Na usidanganywe na ule ushauri wa "jaribu kwa ndani", ndani ya pochi mara nyingi ni kitambaa au plastiki nyingine kabisa, utapata jibu zuri la swali ambalo hukuuliza.

Ukishapata pacha wako, kabla hata ya kuwasha mashine, chukua waya wa shaba, menya lile ganda la plastiki lote ubaki mtupu maana ganda lenyewe huwa ni PVC litakudanganya. Nenda nje, washa jiko la gesi, la mkaa halikupi moto wa bluu wa kuonea. Choma ncha ya waya mpaka moto usiwe na rangi yoyote ya ajabu, igusishe ikiwa ya moto kwenye kona ya hiyo leza yao ishike kidogo, irudishe motoni. Moto ukiwa wa kijani unaokolea, hiyo ina klorini, rudisha pochi kwa wenyewe na salamu. Ukikosa kijani bado unapiga ile pacha kwanza, nje, upepo ukiwa mgongoni kwako. Zipo leza za bandia za PU (plastiki nyingine, poliyurethani), hizo hazina klorini na zinapigika, lakini kwa macho huwezi kuzitofautisha na PVC, mimi siwezi na nimeshika nyingi.

Najua utasema mkuu mteja atakimbia nikimwambia alete siku nne kabla. Wapo wanaokimbia. Mwaka jana kamati moja ya Ng'ambo iliniona najidai wakampa kazi kijana mwingine, sijui walimalizana vipi, sikuuliza. Ila wengi ukiwaambia "mama naomba moja nikajaribu nisikuharibie" wanakuona mtu wa maana. Na dawa kubwa kuliko zote ni kuja na vitu vyako mwenyewe, hiyo kamati wauzie vibao vya mninga au vishika funguo vya mbao ulivyovijaribu kwako mpaka umechoka, hapo pacha unao gunia zima. Mninga ukiwa mweusi sana jina halionekani vizuri, tafuta vipande vyeupe vyeupe, au mbao ya paini.

Mengine haraka haraka. Wati 40 ya muuzaji huyo usiishangilie, hizo mashine nyingi za bei yetu wanaandika umeme inaoula, muulize wati za mwanga unaotoka, utakuta ni 5 au 10, asipojua jibu ondoka. Akriliki isiyo na rangi sahau, mwanga wa bluu unapita katikati kama dirishani. Betri, yangu inakula kama wati 60 hivi, betri ya gari ya N50 na inveta ndogo inanitosha mchana. Miwani nunua iliyoandikwa inazuia nanomita 450, ndo huo mwanga wa bluu, si ile ya jua ya mnadani, na weka kizuizi kuzunguka meza maana watoto wa kwenye sherehe wanakuja kuchungulia kale kamwanga kwa jicho moja kabisa.

Sasa leo hii naandika hapa kuna kaka kaja na saa ya marehemu baba yake, ya chuma, ananiambia fundi piga tu jina la mzee nyuma ni herufi nne tu. Nimemuuliza pacha wake iko wapi. Amenitolea macho. Nimemrudishia saa yake, nimemwambia nitamtengenezea kisanduku cha mninga cha kuiwekea na jina tunalipiga kwenye kisanduku, amekaa hapo kwenye benchi anafikiria.

Wewe mpigie mwenye kamati sasa hivi, ukapate pochi mbili kabla hawajafunga duka.

Edit: nimeona wadau mnanikumbusha aliuliza pia leseni na faida ya siku. Nitarudi.