Mpelelezi, jini na wapenzi wao: maswali yenu ya uandishi

Barua za safari hii nyingi zimetoka Tanga na vitongoji vyake, na zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: namna ya kuandika riwaya za upelelezi, za majini, za mahaba na za kisayansi ambazo wapenzi wake ni wa jinsia moja. Maswali tumeyafupisha, na majina tumeyaondoa kama mlivyoomba.

Shikamooni wahariri. Naandika riwaya ambayo mpelelezi ni mwanamke na mpenzi wake ni mwanamke. Wenzangu wananiambia mada kama hiyo inataka riwaya ya dhati, yenye machozi, siyo hadithi ya mauaji. Mimi mauaji ndiyo niyapendayo. Je, nakosea?
*Binti wa Makorora*

Marahaba, na hukosei hata kidogo. Riwaya ya dhati mara nyingi humgeuza mhusika wa namna hii kuwa suala: anajieleza kurasa mia mbili, anaeleweka nusu, kisha anakufa. Kwenye upelelezi hana muda wa kujieleza. Kuna maiti katika ghala la mkonge, mlinzi amedanganya kuhusu saa, na mpelelezi amepewa mpaka Ijumaa. Kwamba nyumbani kuna mwanamke amenuna kwa sababu wali umepoa ni habari ya ukurasa wa tisa, na msomaji anaipita mbio akimtafuta muuaji. Akifika mwisho ameshakaa na wapenzi hao wiki nzima, na hakuna aliyemhubiria. Hiyo ndiyo raha ya fasihi pendwa, nasi hatuioni kuwa raha ndogo.

Joseph Hansen wa Marekani alifanya hivyo mwaka 1970 katika *Fadeout*. Mpelelezi wake, Dave Brandstetter, huchunguza madai ya bima. Anapenda wanaume, ana msiba wa mwenzi wake, na kesi inabaki kuwa kesi.

Lakini mpenzi asiwe pambo. Mfute kwenye rasimu uone: kama muuaji bado anapatikana, mpenzi huyo hana kazi. Mpe ujuzi ambao mpelelezi hana. Mfanye fundi cherehani, aletewe shati la marehemu, aone kwamba pindo la chini limefumuliwa na kushonwa upya kwa mkono, kwa uzi wa rangi iliyokaribiana. Hapo ugomvi wao wa wali uliopoa unakuwa na uzito, kwa sababu wakinuniana siku mbili ushahidi nao unachelewa siku mbili.

Wahusika wangu wakuu ni wanaume wawili, mpelelezi na mpiga picha. Kila anayesoma rasimu ananiuliza, "Hapa nani kamwambia nani?"
*Mwandishi, Ngamiani*

Usidhani tatizo limeletwa na wanaume wawili. "A-" na "-m-" havibagui mtu. Hata riwaya ya Juma na Rehema ina mkorogo huohuo, ila wasomaji wameuzoea. Tazama sentensi hii, inayofanana na zile ulizotuletea:

*Alimwambia amngoje, lakini alipotoka hakumwona, akajua amemkasirikia.*

Ina vitenzi sita na watu wawili, na hakuna jina hata moja. Sasa hii:

*Hamza alimwambia mpiga picha amngoje. Alipotoka, hakumwona. Mwenzake alikuwa ameshavuka barabara, kamera begani, wala hageuki.*

Kilichofanyika ni kwamba Hamza ameshika aya. Aliyeanza aya kama mtenda ndiye mwenye "a-" mpaka aya iishe. Mwingine aje kwa jina, kwa kazi yake, au kwa "mwenzake". Ukitaka mtenda abadilike, fungua aya mpya. Sentensi ikiwa na viambishi vya watu zaidi ya vinne, ikate. Majina nayo yasianze kwa herufi moja: Hamza na Hamisi ni mateso, Hamza na Rajabu ni amani. Na mpe kila mmoja alama moja ya kuonekana, kofia au mguu unaochechemea, uitumie anapoingia tu, siyo kila mstari.

Kuna wanaouona uhuru huu wa lugha wakaamua kuficha jinsia ya mpenzi mpaka ukurasa wa mwisho, kisha "kumbe!" Ushauri wetu ni kuacha. Kwanza utabanwa: jina, vazi, "bwana" na "bi", hata "ameoa" na "ameolewa", vyote vinataja jinsia, na ukivikwepa kurasa sabini msomaji mwerevu ananusa. Pili, unamfanya mpenzi kuwa kiini macho.

Wakiwa mbele za watu, wapenzi wangu waitaneje?
*Duga*

Kama wanavyoitana watu wa Tanga. Wanawake wawili sokoni wataitana "shoga" au "mwenzangu" na hakuna atakayegeuka. Wanaume wawili kijiweni wataitana "ndugu yangu" au "mwanangu". Chumbani wawe na jina jingine, moja tu. Kisha tengeneza onyesho ambamo jina la chumbani linamponyoka mmoja wao mbele ya mama mwenye nyumba. Usieleze chochote. Andika mama mwenye nyumba alikuwa anafanya nini na mikono yake, halafu aendelee nacho.

Nina kisa cha jini mahaba wa kike aliyempenda binti wa mvuvi wa Pangani. Dada yangu amekisoma akasema, "Basi huyo binti apelekwe kwa mganga apungwe." Nimekwama.
*Pangani*

Dada yako amekusomea vizuri kuliko unavyodhani. Pwani nzima inajua kazi ya jini mahaba: huja ndotoni, humtia mtu ubaridi wa ndoa, hufukuza posa. Msomaji akiliona jina hilo tu, mwisho ameshaujua: ubani, ngoma, pepo anatoka, binti anapona na kuolewa. Mapenzi ya binti yakianzishwa na jini, umeandika kisa cha ugonjwa hata kama hukukusudia. Hitilafu hii ni kongwe. *Carmilla* ya Sheridan Le Fanu ilitoka mwaka 1872, miaka 25 kabla ya *Dracula*. Ina mnyonya damu wa kike anayempenda msichana, na mwisho wake ni kaburi kufukuliwa na kigingi kupigiliwa. Mapenzi na zimwi vilifungwa katika kifurushi kimoja, vikazikwa pamoja.

Kwa hiyo binti apende kabla jini hajatokea. Katika sura ya kwanza mweke kwenye kivuko cha Pangani, anunue vitumbua kwa msichana fulani, chenji imdondoke kwa sababu anaangalia kwingine. Mistari kumi inatosha. Jini akija baadaye, awe na haja yake mwenyewe: kisima kilichofukiwa, ndugu aliyefungwa kwenye chupa, deni la miaka. Na aweze kukataliwa. Mpe binti onyesho moja la kusema "sitaki", jini aondoke kweli, ndipo kurudi kwake kuwe na maana.

Halafu chukua karatasi moja uandike mambo matatu: jini anaweza nini, hawezi nini, na kila anapofanya nani analipa. La tatu ndilo waandishi husahau. Uganga usio na malipo huua riwaya kufikia sura ya tano, kwa kuwa kila fundo jini atalifungua.

Kwako wewe wa Pangani, sharti zuri liko mlangoni: bahari. Maji hujaa mara mbili kwa siku, mjao mmoja na unaofuata ukiachana kwa saa 12 na dakika 25 hivi, kwa hiyo maji yaliyojaa leo saa kumi alasiri kesho yatajaa karibu saa kumi na dakika hamsini. Bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita siku nyingine, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Katikati yake ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Jini akiweza kuvuka kuja bara kwa bamvua tu, wapenzi wana miadi takriban kila siku 15, na kalenda ya riwaya nzima umeipata bure. Ichore kabla ya kuandika. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni bamvua kuwekwa usiku wa mwezi nusu. Mvuvi yeyote atakifunga kitabu hapohapo, na atakuwa na haki.

Mapango ya Amboni yaacheni yapumzike kidogo, jamani. Kila jini wa Tanga anakaa humo. Kuna Tongoni, kusini mwa mji, gofu la msikiti na makaburi yenye nguzo. Ni peupe, na pepo za baharini zinafika.

Katika bunilizi yangu ya kisayansi watu hawana mume wala mke. Lugha itanikubalia?
*Muheza*

Itakukubalia kuliko ilivyomkubalia Ursula K. Le Guin. Mwaka 1969, katika *The Left Hand of Darkness*, aliumba sayari ya Gethen ambako watu hawana jinsia siku nyingi za mwezi; huipata kwa siku chache tu, na mtu mmoja huweza kumzaa mtoto huyu na kuwa baba wa yule. Kiingereza kilimlazimu achague kiwakilishi, akachagua cha kiume, akalaumiwa, na baadaye mwenyewe akaliangalia upya jambo hilo kwa maandishi. Wewe "a-" inakutosha. Utakapobanwa ni kwenye ukoo: baba, mama, shangazi, mjomba. "Mzazi", "mlezi" na "mkubwa wangu" vitakufikisha mbali. Ukihitaji neno jipya, buni moja, siyo kumi, na litumie mara tatu katika sura ya kwanza mahali ambapo kitendo kinalieleza. Orodha ya maneno mwishoni mwa kitabu hakuna anayeifungua. Ndoa waoane tu. Ile "-ana" ya kutendeana imeshamaliza kazi: hakuna aoaye wala aolewaye.

Naandika simulizi ya mahaba ya WhatsApp, mabaharia wawili wa jahazi. Lazima mmoja afe mwishoni?
*Chumbageni*

Hapana. Desturi hiyo ina mizizi ya kiofisi zaidi kuliko ya kifasihi. Marekani ya miaka ya 1950 vitabu vya bei rahisi vilisafirishwa kwa posta, na wachapaji waliogopa kukamatiwa mzigo na wakaguzi wa posta iwapo kitabu kingeonekana kuyasifu mapenzi hayo. Marijane Meaker, aliyeandika *Spring Fire* ya 1952 kwa jina la Vin Packer, aliambiwa na mhariri wake kwamba wapenzi wake wasipate mwisho mwema. Mwaka huohuo Patricia Highsmith, naye kwa jina la kupanga, alitoa *The Price of Salt* na kuwaachia wanawake wake wawili matumaini. Huko Uingereza E. M. Forster alikuwa ameshaandika *Maurice* mwaka 1913 na 1914, akasisitiza mwisho wa furaha, akakifungia. Kikachapwa 1971, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Wewe huna sababu ya kumtii karani wa posta wa nchi nyingine. Msomaji wa mahaba analipia mwisho mwema, mpe.

Kuhusu mpangilio: kwa simulizi ya sehemu 30, kila sehemu maneno 900 hadi 1,100, wakutane kabla sehemu ya pili haijaisha, waguswe na kizuizi cha kweli sehemu ya tano, mkono ushikwe sehemu ya kumi au kumi na moja, waachane sehemu ya 22, warudiane ya 27. Sehemu tatu za mwisho ni za raha tupu, ukizikata utalaumiwa. Kila "itaendelea" ikate katikati ya kitendo, siyo baada yake, ili arosto iwashike kweli.

Na kizuizi kisiwe jamii peke yake. Jamii haina sura wala sauti, utachoka nayo sehemu ya nane. Mabaharia wako wote wawili wautake unahodha wa jahazi lilelile, na tajiri amesema atachagua mmoja kabla ya kusi kuanza. Sasa kila wema ni hasara kwa mmoja wao.

Nikishaandika, niyatoe vipi bila kujiingiza matatani?
*Hakutaja mtaa*

Ujue kwanza ulipo. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahusu tendo lenyewe la kujamiiana "kinyume cha maumbile", na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, hadi maisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia. Kwa hiyo mlango wa chumbani ufunge mapema na uendelee asubuhi. Kwa kusema kweli, maonyesho mengi yanapendeza zaidi hivyo. Mtu halisi, hata jirani uliyembadilisha jina, asionekane ndani.

Jina la kalamu peke yake ni pazia jepesi. Kundi la WhatsApp linaonyesha namba yako kwa wote waliomo. Ukidai shilingi 500 kwa kila sehemu, anayekutumia pesa kwa simu anaona jina ulilosajilia laini kabla hajabonyeza kutuma, na jina la kalamu limeisha hapo. Anza na wasomaji wachache unaowajua, bila malipo, kwa barua pepe uliyoifungua kwa kazi hiyo tu. Faili la Word hubeba jina la mwenye kompyuta: fungua sifa za faili, futa sehemu ya mwandishi, hifadhi, kisha lifungue tena uhakikishe. Picha ya jalada usiipige kwa simu yenye GPS iliyowashwa. Na ukienda kuchapa steshenari, kaa pale mpaka karatasi ya mwisho itoke, chomoa flashi yako, ufute nakala iliyobaki kwenye kompyuta yao, pamoja na ile iliyoingia kwenye kapu la taka.