Ini lina shida, kolesteroli imepanda: dawa nimeze au niache?

SWALI: Nina miaka 54, naishi Ibanda, Bukavu. Nina hepatiti B tangu zamani, ninameza tenofoviri ya kuzuia virusi hivyo, na ekografia ilionyesha mafuta kwenye ini. Nina kisukari pia. LDL yangu (kolesteroli mbaya) ni 1,9 g/L, GPT (kipimo cha ini) ni 62. Daktari ameniandikia atorvastatini 20 mg kila siku. Kwenye farmasi walisoma karatasi ya ndani ya boksi wakaniambia: mama, hii imekatazwa kwa mwenye ugonjwa wa ini. Nimsikilize nani?

JIBU: Msikilize daktari wako, mama, mradi ini lako bado linafanya kazi yake. Hilo ndilo swali la kujibu, kuliko jina la ugonjwa.

Hofu ya karatasi ile inaeleweka. Statini, yaani kundi la dawa ambamo atorvastatini yako imo, zinafanyia kazi ndani ya ini lenyewe: zinazuia kimeng'enya ambacho ini hukitumia kutengeneza kolesteroli. Watu wakadhani ini gonjwa litazidi kuumia. Miaka mingi ya matumizi haikuonyesha hivyo. Kama mtu 1 kati ya 100 ndiye anayepandisha transaminazi (GPT na mwenzake GOT) kupita mara 3 ya kikomo cha kawaida, mara nyingi katika miezi 3 ya kwanza, na kwa kawaida zinashuka dozi ikipunguzwa au dawa ikisimamishwa. Ini kufa kabisa kwa sababu ya statini ni jambo la nadra mno. Mwaka 2012 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliacha kudai vipimo vya ini vya mara kwa mara kwa kila anayemeza dawa hizi. Ilibakiza kipimo cha kabla ya kuanza, na kingine dalili zikitokea.

GPT yako ya 62, kama kikomo cha laboratwari ni 40, ni mara moja na nusu tu. Mafuta ya ini peke yake yanatosha kuifikisha hapo. Ingekuwa imepita 120 tungesema subirini, mtafute kwanza kinachoipandisha: hepatiti iliyoamka, kasiksi au kanyanga, dawa za mizizi. Statini haiamshi hepatiti B, wala haigombani na tenofoviri. Ila tenofoviri usiiache hata siku moja kwa kuogopa wingi wa vidonge; kuiacha ndiko kunakoweza kuamsha virusi. Na kwa mtu mwenye kisukari na mafuta kwenye ini, moyo na mishipa ya kichwa huwa hatari kubwa kuliko ini lenyewe. Kukosa statini kwako si usalama.

Kabla ya kidonge cha kwanza pima GPT, GOT, bilirubini (rangi ya manjano ya nyongo), albumini (protini inayotengenezwa na ini) na TP (kuganda kwa damu). Rudia GPT na LDL baada ya wiki 4 hadi 12, kisha kila miezi 6 mpaka 12. Kuna mtego mmoja: GOT inatoka hata kwenye misuli. Ikipanda peke yake huku mapaja yakiuma, usilaumu ini, omba CPK, kipimo cha misuli. CPK ikizidi mara 10 ya kikomo, au mkojo ukiwa na rangi ya chai kavu, acha dawa siku hiyohiyo uende hospitali, maana misuli inayoyeyuka huziba figo.

SWALI: Baba yetu, hapa Goma, ana sirosi (makovu ya ini) na tumbo limeshatolewa maji mara mbili. Bado anameza simvastatini 40 mg aliyoanzishiwa zamani. Tuendelee?

JIBU: Kwa dozi hiyo, hapana. Mpelekeni kwa daktari wiki hii, na boksi lenyewe mkononi.

Sirosi hupangwa kwa alama za Child-Pugh, zinazohesabu mambo 5: bilirubini, albumini, kuganda kwa damu, maji ya tumboni na kuchanganyikiwa akili. Alama 5–6 ni daraja A, na hapo statini inatumika bila wasiwasi mkubwa. Alama 7–9 ni B: simvastatini isipite 20 mg, tena kwa kufuatiliwa. Alama 10 na kuendelea ni C, hapo tungeiacha. Sababu ni kwamba ini lenye makovu halichuji tena dawa, inabaki kwenye damu. Kwa atorvastatini, kiasi kinachozunguka mwilini huongezeka kama mara 4 katika daraja A na mara 11 katika B. Simvastatini 40 mg ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa sirosi ambao ini lao lilikuwa limeshalemewa, misuli ya baadhi yao iliyeyuka, dozi hiyo ikasimamishwa.

Muulizeni baba pia kama amepewa klaritromisini au eritromisini kwa kikohozi, au dawa za VVU zenye ritonaviri. Hizo hazikai pamoja na simvastatini hata kwa mwenye ini zima.

Na kolesteroli yake ikiwa imeshuka yenyewe, msifurahi haraka. Ini linaloshindwa haliwezi tena kuitengeneza.

SWALI: Macho yangu ni ya manjano, mwili unawasha usiku, kolesteroli ni 3,4 g/L. Mwenye farmasi hapa Kadutu anataka kuniuzia statini bila ordonansi.

JIBU: Usinunue bado. Dalili zako zinafanana na za nyongo iliyoziba. Nyongo ikiziba, kolesteroli hupanda kwa sababu haina njia ya kutoka, na statini haifungui njia hiyo. Omba ekografia ya mirija ya nyongo, fosfatazi alkali na gama-GT, vipimo vya damu vinavyopanda nyongo ikiziba. Ukipata homa na baridi kali juu ya manjano hayo, usingoje majibu ya laboratwari, nenda hospitali usiku huohuo.