Jibu: Kingston Town haimo kwenye Labour of Love niliyonunua

Salaam mkuu. Kwa hiyo umenunua albamu ya Labour of Love ya UB40, bendi ya reggae ya Uingereza, na wimbo wa Kingston Town huuoni. Hujaibiwa. Angalia jalada kwanza: kama halina namba II, hiyo ni ya 1983, yenye Red Red Wine. Kingston Town imo kwenye Labour of Love II ya 1989. Mimi nilimrudia muuzaji kwa hasira, kumbe mjinga ni mimi!

Na ukitaka pale Astro wa UB40 anapochana (anaporap) kwenye Red Red Wine, tazama dakika za wimbo: toleo la albamu linazidi tano. Lile la dakika tatu hivi limekatwa kipande hicho. Can't Help Falling in Love usiitafute humo, iko kwenye albamu yao ya Promises and Lies, 1993.