Baga nne, marafiki wanne

Mhariri, swali lenu la wiki hii ni hili: "Baga ya mgahawa wa kifahari ina nini ambacho baga ya kawaida haina?" Jibu langu nililipata mezani mwezi uliopita, nikiwa na marafiki zangu watatu. Ni nyama yenyewe: ilivyosagwa, ilivyotiwa chumvi na ilivyopokelewa na moto. Vinavyopangwa juu yake ni wageni waalikwa, na baadhi yao usiku ule walipaswa kubaki nje.

Sisi wanne tumejuana tangu shuleni, lakini kazi na familia zimetutawanya, kwa hiyo kukaa meza moja ni jambo la nadra. Tulikubaliana kila mmoja aagize baga yake, kisha zote zikatwe robo robo ili kila mtu aonje. Ya kwanza ilikuwa na jibini ya buluu na vitunguu vilivyokaangwa polepole kwa siagi mpaka vikageuka kahawia na kuwa vitamu. Ya pili ilikuwa ya uyoga, nzuri, sina la kuongeza. Ya tatu ilikuwa mnara: nyama mbili, yai, pete za vitunguu na ini la bata, vyote vimeshikizwa kwa kijiti kirefu. Ya nne ilikuwa na nyama, jibini, matango ya siki na mkate. Basi.

Mnara ndio uliotuvuta sote. Kisu kilipopita, yai lilipasuka, kiini kikatiririka hadi mkate wa chini, na mkate ukamong'onyoka. Tukaishia kuula kwa uma, safu moja moja, yai peke yake, ini peke yake. Hakuna tonge lililokusanya vyote. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baga isiyoshikika mkononi imepoteza kazi yake, maana raha yake yote ni kung'ata mara moja ukapata mkate, nyama, chumvi na uchachu kwa pamoja.

Sisemi kwamba anasa haina nafasi kwenye baga. Mpishi Daniel Boulud, Mfaransa anayefanya kazi New York, alianza mwaka 2001 kuuza baga yenye nyama ya mbavu iliyopikwa kwa divai nyekundu, ini la bata na uyoga ghali uitwao trufo. Ilizungumzwa sana. Lakini angalieni alivyofanya: vitu hivyo alivificha ndani ya nyama ya kusaga badala ya kuvirundika juu yake. Mlaji bado anashika mkate kwa mikono miwili na kung'ata.

Sasa ile ya nne. Rafiki yangu aliyeiagiza ni mjamzito, na mhudumu alipouliza nyama iive kiasi gani, alijibu kwamba anataka iive kabisa. Nilimwonea huruma, nikijua ataletewa kitu kikavu. Mpishi mwenyewe alikuja mezani, mama mmoja mpole, akamwambia amefanya vyema kuomba hivyo. Steki, alisema, bakteria wake hukaa juu, na moto wa kikaango huwamaliza hata kama katikati bado ni pekundu. Nyama ikishasagwa, kilichokuwa juu kimechanganyika na kilichokuwa ndani, kwa hiyo joto lazima lifike katikati: nyuzi 71 za Selsiasi, na anazipima kwa kipimajoto badala ya kukisia kwa rangi. Nilimheshimu kwa hilo kuliko kwa pambo lolote lililokuwa sahanini.

Na haikuwa kavu! Tulimuuliza siri yake, akatueleza bila choyo. Nyama anaisaga mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa matundu makubwa, na katika kila sehemu tano moja ni mafuta. Mafuta hayo ndiyo yanayoilinda ikipikwa hadi mwisho. Akiifinyanga haibonyezi sana. Chumvi anainyunyiza juu dakika ya mwisho kabla ya kuiweka kikaangoni, kwa sababu chumvi ikichanganywa mapema huyeyusha protini, nyama ikashikana na kuwa ngumu kama soseji. Nilikaa kimya, kwa kuwa miaka yote nyumbani nimekuwa nikichanganya chumvi kwenye bakuli na kukanda kama unga wa mkate.

Kisha kikaango. Ukoko ule wa kahawia wenye harufu inayokufanya umeze mate hutokea pale asidi amino, yaani vijenzi vya protini, na sukari zilizomo kwenye nyama zinapokutana kwenye joto kali, la nyuzi 140 hivi na kuendelea. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard ndiye aliyeeleza badiliko hilo mwaka 1912, na bado linaitwa kwa jina lake. Maji ndiyo adui yake, maana nyama iliyolowa hutumia joto kukausha maji kwanza, ikachemka badala ya kukaangika. Kwa hiyo mpishi huyu huifuta nyama, huacha kikaango kipate moto barabara, na haigusi mpaka upande wa chini uwe tayari. Mkate nao anaukausha kwa siagi upande wa ndani, ili majimaji ya nyama yasiupenye haraka.

Robo yangu niliila kwa mara tatu. Meza ilinyamaza, sisi ambao tukikutana hatuachiani nafasi ya kuzungumza. Ukoko ulivunjika, nyama ikaachana yenyewe mdomoni, na tango la siki likakata mafuta pale pale yalipoanza kuzidi. Rafiki yangu wa jibini ya buluu hakukubali kushindwa, na mpaka leo anasema vitunguu vyake ndivyo vilivyokuwa bora. Vilikuwa bora kweli, ila vilinifanya nisahau kwamba chini yake kuna nyama.

Wiki iliyofuata nilijaribu nyumbani, chumvi dakika ya mwisho, kikaango kikavu na cha moto. Ukoko ulipatikana upande mmoja tu, wa pili niliugeuza mapema kwa haraka. Rafiki yangu anajifungua miezi miwili ijayo. Akishapata nguvu tutarudi, na tumeshakubaliana: tutaagiza nne, zote za aina moja, na kijiti kisiletwe.